Audiard Alipomkabidhi Dheepan Bunduki

Mlioitazama filamu ya Dheepan mnajua nazungumzia dakika zipi. Mlinzi wa maghorofa, Dheepan mwenyewe, mpiganaji wa zamani wa waasi wa Kitamili wa Sri Lanka, Tamil Tigers, amechoka na magenge ya mtaani. Anashika rangi, anachora mstari mweupe katikati ya uwanja na kutangaza kwamba ng'ambo hii hapapigwi risasi. Wahuni wanacheka. Mtamili aliyetoka Vanni hacheki.

Kwa sababu mstari kama huo uliwahi kuchorwa huko Vanni, kaskazini mwa Sri Lanka: Januari 2009 jeshi la nchi hiyo lilitangaza eneo la kutopigana. Raia wakakimbilia humo, mizinga ikawafuata humo humo. Likatangazwa la pili, kisha la tatu, kila moja dogo kuliko lililotangulia, mpaka watu wakabanwa kwenye ukanda wa mchanga wa Mullivaikkal, huku Tigers nao wakiwazuia kutoka, hata kwa risasi. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2011 kwamba huenda raia waliouawa walifika 40,000.

Yote hayo mwongozaji Jacques Audiard alikuwa nayo mkononi ndani ya mchirizi mmoja wa rangi, bila hotuba, bila picha za kumbukumbu. Halafu akayatupa. Badala ya kutuacha na mtu anayejaribu kuchora upya mpaka uliowaua watu wake, anamtia mkononi panga na bunduki, anampandisha ngazi zilizojaa moshi, anamfanya shujaa wa filamu za ngumi. Msiniambie ni kiwewe cha vita kinachoripuka. Kiwewe hakilengi shabaha vizuri hivyo. Kuanzia pale Vanni inabaki kuwa cheti tu, cha kututhibitishia kwamba jamaa anajua kuua. Na kana kwamba hiyo haitoshi, tunahamishiwa Uingereza: jua, bustani, mtoto mchanga. Waliokufa hawana hata kiti kwenye karamu ile.

Antonythasan Jesuthasan, ambaye mwenyewe alijiunga na Tigers akiwa kijana, anaigiza vizuri sana, na kamera ya Éponine Momenceau haina kosa.

Majaji wa tamasha la filamu la Cannes, walioituza Dheepan, sijawasamehe, na wasomaji wa safu hii wamezoea. Mwaka huo huo wa Dheepan, 2015, mwongozaji László Nemes alileta filamu ya Son of Saul: kamera imemganda mtu mmoja, mauaji ya Auschwitz yako pembeni, ukungu na sauti tu. Huo ndio ufundi wa kukumbuka. Jopo la ndugu Coen likampa Grand Prix, tuzo kuu, Palme d'Or, ikaenda kwa mwenye moshi na panga.

Hata Nemes hakuwa wa kwanza kukumbuka hivyo. Mwaka 1997 Prasanna Vithanage, Msinhala, alitengeneza Purahanda Kaluwara kuhusu vita hivi hivi vya Sri Lanka: mzee kipofu analetewa jeneza lililofungwa, anaambiwa mwanawe askari yumo, naye anakataa kuamini. Hakuna mapigano kwenye fremu. Joe Abeywickrama , aliyemwigiza mzee huyo, anatembea polepole kwenye nchi kame, na serikali nzima inakosa pa kujificha. Serikali ya Colombo iliizuia filamu hiyo mwaka 2000, hadi Mahakama ya Juu ilipoamuru ionyeshwe. Itafuteni hiyo kwanza.