Mistari michache ya kuuamsha mfumo

Mfumo umekwisha kujengwa. Fundi amefuata kitabu cha Linux From Scratch, mradi ulioanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, akajenga kila programu kutoka kwenye msimbo chanzo: GCC, Glibc, Bash, na mwisho kiini chenyewe cha Linux. Vyote vimo kwenye diski, lakini kompyuta ikiwashwa haitaviona. Imebaki kazi ya GRUB, programu inayotangulia kuamka ili ikitafute kiini, ikipakie kwenye kumbukumbu na kukikabidhi mashine.

Fundi hana haraka. Anatengeneza kwanza flashi ya uokozi na kuijaribu, maana kosa la hapa laweza kumfungia nje hata ya mfumo wa zamani aliojengea huu mpya. Kisha anaandika lsblk, anasoma orodha ya diski na kulinganisha ukubwa wake mpaka awe na yakini kuwa sda ni diski ya ndani, si flashi. Ndipo anapotoa amri: grub-install /dev/sda.

Amri ni fupi, ila nafasi inayofanyiwa kazi ni finyu mno. Kwenye kompyuta hii ya BIOS, sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512. Jedwali la sehemu za diski linachukua 64 na alama ya mwisho 2. Msimbo unaachiwa zisizozidi 446. Humo hamtoshi ujuzi wa kusoma faili lolote. Kinachotosha ni kuita sekta moja nyingine, nayo ikaleta zilizobaki, zilizopangwa kwenye pengo lililo kabla ya sehemu ya kwanza ya diski.

Sasa faili la grub.cfg. Ipo programu ya kulitunga yenyewe, lakini fundi analiandika kwa mkono, na hapo ndipo ninapouona ufundi wake hasa. Anaandika set root=(hd0,2). Chini yake, baada ya jina la kiini, anaandika root=/dev/sda2 ro. Ni mahali pale pale, pametajwa mara mbili, kwa sababu wasomaji ni wawili. Wa kwanza ni GRUB, inayohesabu diski kuanzia 0 na sehemu zake kuanzia 1. Wa pili ni kiini, chenye majina yake, ambacho GRUB inakipelekea maneno hayo kama yalivyo. Na zile herufi mbili, ro, zinakiagiza kiufungue mzizi kwa kusoma tu, ili diski ikaguliwe kabla ya kitu chochote kuandikwa juu yake.

Anafungua saraka ya /boot na kulinganisha jina la kiini na alichoandika, herufi kwa herufi. Anarudi kwenye mipangilio ya kiini kuhakikisha kuwa uwezo wa kusoma ext4 umejengwa ndani yake, haukuachwa kama moduli. Moduli ingekuwa kwenye diski ile ile isiyoweza kusomeka bila moduli hiyo. Uvumilivu wa namna hii hauonekani kwenye skrini, lakini bila huo kiini kingeamka na kukwama pale pale.

Anawasha upya. Menyu inangoja sekunde 5, mistari ya kiini inateremka, kidokezo cha kuingilia kinatokea. Fundi anaingia, anaandika dmesg, na kuanza kusoma kutoka juu.