Kagua Kivuli Kwanza: Jinsi ya Kupima Video ya GH2 Iliyodukuliwa

Klipu ya kamera ya Panasonic GH2 iliyodukuliwa inasifiwa kila kona kwa sababu moja tu: mwenyewe katangaza kwamba kaipiga kwa megabiti 176 kwa sekunde. Kinachoonekana ni ua lililosogezwa karibu, nyuma yake kumefifishwa kote. Picha ya namna hiyo haiisumbui kodeki, yaani mfumo wa kubana video, hata kidogo. Fimwea ya kiwandani (programu ya ndani ya kamera), yenye megabiti 24, ingeimudu bila jasho. Kusifu kazi kama hii ni kuwapoteza vijana wanaojifunza.

Udukuzi huu ulianza kwa heshima. Mwaka 2010 Vitaliy Kiselev aliifungua fimwea ya GH1, kamera iliyoibana video ya AVCHD kiasi kwamba majani yakipigwa na upepo yaligeuka uji. Kwa programu yake, PTool, kila mtu akaweza kubadili vipimo mwenyewe. Mwaka 2011 ikafuata zamu ya GH2. Chris Brandin naye akatupa StreamParser, programu inayochora ukubwa wa kila fremu. Enzi hizo hukuunadi mpangilio wako wa fimwea kabla ya kuweka grafu mezani. Leo hutajwa jina la mpangilio tu, na mjadala umekwisha.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Mpangilio unaosimamisha kamera katikati ya tukio haufai, hata ukitoa picha nzuri namna gani. Ukali ushushwe hadi -2, na upunguzaji wa chembe za picha (noise) vilevile. Asiyekubali hilo bado hajaitazama picha yake kwenye skrini kubwa.

Kigezo kikuu, ambacho mgeni wa kazi hii hukipita kila mara, kiko kwenye kivuli. Achana na uso wa mwigizaji. Nenda kwenye ukuta ulio nyuma yake, penye giza zito lakini rangi bado ipo. Kuza picha hadi asilimia 200, kisha sogeza fremu moja moja. Chembe zinatakiwa kubadilika katika kila fremu. Kwenye kazi mbovu, fremu I (inayojitegemea) huja na chembe safi, kisha P na B (zinazokopa kutoka fremu nyingine) zinazofuata huzinakili na kuzilainisha mpaka ukuta unaganda. Ikifika fremu I nyingine, ukuta mzima unaruka. Kundi, yaani fremu kuanzia I moja hadi kabla ya nyingine, likiwa la fremu 12 kwenye 24p (fremu 24 kwa sekunde), mruko huo hutokea mara mbili kila sekunde. Mtazamaji hawezi kuutaja, lakini unamchosha. Chanzo chake ni biti kumiminwa kwenye I huku P na B zikiachwa na kwantizesheni (ukadiriaji wa thamani) kubwa. Ndiyo maana megabiti 50 zilizogawanywa kwa akili huzishinda 100 zilizogawanywa ovyo. Mpangilio wa fremu I tupu hauna ugonjwa huo, ila biti zikipungua, kivuli hujaa miraba midogo.

Wadanganyifu wanalijua hilo, kwa hiyo humwaga chembe bandia wakati wa kuhariri. Kuwakamata ni rahisi: tazama dirisha lililoungua kwa mwanga. Penye weupe mtupu sensa haina chembe za kutoa. Ukizikuta zimetapakaa hapo sawa na kwingine, zimepakwa. Mwombe mwenye klipu faili la MTS lililotoka kwenye kadi ya kamera. Asiye nalo hana hoja.

Mafundi wa kweli hawakupiga kelele. Mwaka 2012, kampuni ya Zacuto ilipozishindanisha kamera bila watazamaji kujua ipi ni ipi, GH2 iliyodukuliwa ilisimama kwenye safu moja na ARRI Alexa na Sony F65. Mwongozaji Shane Carruth akaitumia kupiga Upstream Color, filamu iliyotoka 2013. Kazi hizo zilibebwa na mwanga uliopangwa vizuri, na hilo ndilo tunalozidi kulisahau.

Basi, kabla hujaisifu klipu nyingine, omba faili asilia, nenda kwenye kivuli, pitia fremu 24. Ukuta ukiruka, kazi ni mbovu, hata iwe na megabiti ngapi.