Uaminifu kwa Programu, Uaminifu kwa Matini: Uhakiki wa Cygwin na WSL kwa Jicho la Mtafiti wa Kiswahili

Zana ndogondogo za kuchambua matini, kama vile grep, sort, uniq na tr, zilikulia katika mfumo endeshi wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969. Kila zana hufanya kazi moja, kisha hupitisha matokeo yake kwa nyingine kupitia kile kinachoitwa bomba, wazo la Doug McIlroy lililoingizwa katika mfumo huo mwaka 1973. Kwa mwanaisimu faida yake ni dhahiri: mstari mmoja wa amri huweza kutoa orodha ya marudio ya maneno ya riwaya nzima. Hata hivyo, mwanaisimu huyo, awe Dar es Salaam, Eldoret au Bujumbura, mara nyingi hutumia kompyuta ya Windows, ambayo haikujengwa juu ya misingi hiyo. Makala haya yanahakiki njia mbili za kuvusha zana hizo, Cygwin na WSL, na yanadai kwamba uaminifu unaosifiwa katika ile njia mpya hupimwa mahali pasipomhusu sana mtafiti wa matini.

Cygwin ilianza mwaka 1995 katika kampuni ya Cygnus Solutions, kwa kazi ya mhandisi Steve Chamberlain. Moyo wake ni maktaba moja, cygwin1.dll, inayosimama kati ya programu na Windows. Programu ya Unix haiingii ilivyo. Sharti iundwe upya kutoka katika msimbo wake wa asili ili itegemee maktaba hiyo, na hapo hugeuka kuwa programu ya Windows yenye mazoea ya Unix. Kwa istilahi za taaluma ya tafsiri, hii ni tafsiri andishi: kazi hufanywa mara moja na msomaji hupokea matini iliyokwisha kutafsiriwa. Hata udhaifu wake ni wa kitafsiri. Katika Unix programu huweza kuzaa nakala yake yenyewe kwa kitendo kiitwacho fork. Windows haina kisawe cha moja kwa moja cha kitendo hicho, kwa hiyo Cygwin huanzisha programu mpya, kisha huinakilia kumbukumbu ya ile ya kwanza. Kazi inayoita zana ndogo mara maelfu huenda kwa kusuasua. Mfasiri aliyewahi kutumia sentensi nzima mahali pa neno moja anaijua gharama hiyo.

WSL, iliyotangazwa na Microsoft mwaka 2016, ilianza kama ukalimani. Programu za Linux, mfumo wa ukoo wa Unix, ziliingia bila kubadilishwa, na kila ombi lao kwa kiini cha mfumo lilifasiriwa papo kwa papo. Toleo la pili, lililotangazwa mwaka 2019, lilimwondoa mkalimani. Kiini halisi cha Linux sasa huendeshwa ndani ya mashine pepe, kama mgeni aliyehamia na nyumba yake. Mgeni huyo ana gharama: kwa mipangilio ya kawaida huruhusiwa kutumia hadi nusu ya kumbukumbu ya kompyuta, na mafaili yaliyobaki upande wa Windows huyasoma polepole kuliko yale ya upande wake. Friedrich Schleiermacher alieleza mwaka 1813 kwamba mfasiri ama humpeleka msomaji kwa mwandishi, ama humleta mwandishi kwa msomaji. Cygwin ilichagua njia ya pili. WSL ya sasa imechagua ya kwanza, na wengi huiona kuwa imemaliza mjadala, kwa kuwa programu huendeshwa humo jinsi inavyoendeshwa kwao.

Mjadala haujaisha, kwa sababu programu si matini. Mfano mzuri ni mafunzo ya Kenneth Church, aliyekuwa mtafiti katika maabara za Bell, yaitwayo Unix for Poets. Yalitumia kitabu cha Mwanzo kwa Kiingereza, na kanuni yake ya msingi ni kuiamuru tr igeuze kila kisichokuwa herufi kati ya A na Z kuwa mwanzo wa mstari mpya. Kwa Kiingereza hasara ni ndogo. Katika Kiswahili ritifaa ya ng' si kituo cha uandishi. Ni sehemu ya tahajia ya sauti kamili. Kanuni ya Church huvunja ng'ombe kuwa ng na ombe, na ng'ambo kuwa ng na ambo. Baya zaidi, kung'oa huwa kung na oa, hivyo kila jino au mti unaong'olewa kwa umbo hilo huongeza idadi ya ndoa katika kongoo. Kosa hili hutokea vilevile katika Cygwin, katika WSL na katika Linux yenyewe. Kuiongeza ritifaa katika orodha ya herufi husaidia nusu tu, kwa maana programu za kuandikia hupenda kuigeuza iwe ya kupinda, ambayo katika usimbaji wa UTF-8 ina baiti tatu, ilhali tr ya GNU hushughulikia baiti moja moja.

Penye tofauti kati ya njia hizi mbili ni mwisho wa mstari. Windows huufunga mstari kwa alama mbili zisizoonekana. Unix hutumia moja. Mhakiki wa ushairi anayetafuta mishororo yenye kina cha -ni kwa amri ya grep 'ni$', katika faili lililoandikwa kwa Windows lisilo na koma mwishoni mwa mishororo, hatapata hata mshororo mmoja ndani ya WSL, isipokuwa labda ule wa mwisho kabisa, kwa kuwa alama ya ziada imekaa baada ya kina. Hakuna ujumbe wa kosa. Sifuri hiyo huweza kuingia katika jedwali la tasnifu ikiwa na heshima zote za matokeo.

Cygwin ya zamani iliitambua hatari hii. Kisakinishi chake kilimwuliza mtumiaji kama mafaili yake ya matini yahesabiwe kuwa ya Unix au ya DOS, na aliyechagua DOS aliondolewa alama ya ziada wakati wa kusoma. Swali hilo liliwakera wahandisi, na baadaye liliondolewa. Kwa mwanafilolojia lilikuwa swali la kwanza linalopasa kuulizwa: matini hii imeandikwa kwa desturi ya wapi? WSL haiulizi. Huipokea matini ilivyo, na kumwachia mtafiti kuisafisha kwa sed au dos2unix, iwapo anajua kwamba kuna cha kusafisha. Orodha za marudio ya maneno ya Kiswahili zinazochapishwa bila kueleza jinsi ritifaa na miisho ya mistari ilivyoshughulikiwa haziwezi kulinganishwa, hata zikitoka katika kongoo moja.