Kukisia Nguvu ya Udongo Ulio Chini ya Barabara

Mhandisi aliyekabidhiwa kazi ya kusanifu barabara ya lami hukutana, kabla ya jambo jingine lolote, na suali la udongo: je, ardhi itakayoibeba barabara ina nguvu kiasi gani siku inapokuwa imelowa, na tabaka zitakazowekwa juu yake ziwe na unene gani ili uzito wa malori usiibonyeze? Jawabu lililozoeleka katika nchi nyingi hutoka katika kipimo cha CBR, kilichobuniwa na O. J. Porter katika idara ya barabara ya California mwishoni mwa miaka ya 1920. Udongo hushindiliwa ndani ya kalibu ya chuma, huloweshwa majini kwa siku nne, kisha mchi wa chuma wenye kipenyo cha takriban milimita 50 husukumwa ndani yake polepole, milimita 1.27 kwa dakika. Na nguvu inayohitajika ili mchi uzame milimita 2.5 hulinganishwa na kilonyutoni 13.2, ambazo ndizo zinazohitajika kwa kokoto bora iliyopondwa, uwiano wake ukaandikwa kwa asilimia.

Kipimo hiki kina adabu yake na gharama yake. Kila shimo linalochimbwa njiani linadai gunia zima la udongo, na kila gunia linadai mikono ya kushindilia na siku za kungoja. Hivyo barabara ndefu, ambayo udongo wake hubadilika kila baada ya mwendo mfupi, hupimwa kwa mashimo machache kuliko inavyostahili. Ndipo ilipozuka haja ya kuikisia nguvu hiyo kutokana na vipimo vyepesi, ambavyo konzi chache za udongo hutosha kuvifanya.

Vipimo hivyo vina asili katika kazi ya Albert Atterberg, mkemia wa Sweden, aliyeeleza mwaka 1911 vikomo vya maji ambamo udongo hutoka katika ugumu ukafinyangika, na kutoka kufinyangika ukawa uji. Kikomo cha juu hupimwa kwa kikombe kilichowekewa taratibu maalumu na Arthur Casagrande mwaka 1932: udongo uliolainishwa kwa maji hupakwa kikombeni, hukatwa mfereji katikati, na kikombe hugongeshwa hadi mfereji ujifumbe, mapigo 25 yakiwa ndiyo mpaka. Kikomo cha chini hakina chombo ila kiganja cha fundi, ambaye husokota udongo juu ya kioo mpaka kamba yake iwe nyembamba kama milimita 3 na kuanza kukatika-katika. Tofauti baina ya vikomo viwili huitwa kadiri ya kufinyangika. Fauka ya hayo, udongo huoshwa juu ya chekeche lenye matundu ya mikroni 75 ili ijulikane sehemu iliyo laini kupita kiasi hicho.

Katika mwongozo wa usanifu wa barabara uliotolewa Marekani mwaka 2004, namba hizi mbili zilifungwa katika kanuni moja fupi. Zidisha kadiri ya kufinyangika kwa sehemu ya udongo inayopita chekeche la mikroni 75, ikiandikwa kwa desimali. Zidisha zao hilo kwa 0.728 na kulijumlishia 1. Kisha gawanya 75 kwa jumla hiyo, nawe utapata CBR. Udongo wenye kadiri ya 20, ambao asilimia 60 yake hupita chekeche, hutoa zao la 12 na CBR ya takriban 7.7.

Uzuri wa kanuni hii umo katika kule kuzidisha. Kadiri ya kufinyangika hupimwa kwa sehemu laini peke yake, kwa hiyo hueleza ukali wa mfinyanzi na wala haielezi wingi wake. Chekeche nalo hueleza wingi na halijui ukali. Mfinyanzi mkali ulio haba, ukiwa umejificha katika nafasi za changarawe ambayo punje zake bado zinagusana, una madhara machache kuliko mfinyanzi huo huo ukiwa mwingi hata punje zikaelea ndani yake, maana hapo mzigo haubebwi tena na mawe bali na tope. Ule mgawanyo nao una maana: zao likiwa sifuri kanuni hutoa 75, lakini likifika 1 tu, nguvu hushuka hadi 43, na likifika 2, hadi 30 na ushei. Mwanzo wa uchafu ndio wenye hasara kubwa.

Hata hivyo, yafaa kuangalia namba hizo zinasimama juu ya nini. Lau fundi aliyesokota kamba ya udongo angesoma kadiri ya 24 mahali pa 20, CBR ingekuwa 6.5 badala ya 7.7, na kwa kuwa mwongozo wa Tanzania wa mwaka 1999 unaugawa udongo ulio chini ya barabara katika madaraja ya S3, S7 na S15, yaani kuanzia CBR ya 3, ya 7 na ya 15, tofauti hiyo ndogo ya kiganja ingeshusha sehemu nzima ya barabara daraja moja na kumlazimisha mkandarasi kuleta udongo bora kwa malori.

Taksiri iliyo kubwa zaidi ni kwamba vipimo vyepesi hueleza tabia ya udongo, ilhali CBR hueleza tabia pamoja na hali. Udongo mmoja, ukishindiliwa vizuri na kukaa mkavu, hubeba mara kadhaa ya ule uliolegea na kulowa, na vikomo vya Atterberg haviwezi kuijua tofauti hiyo, kwa kuwa udongo umekwisha kuvurugwa na kukorogwa kabla ya kupimwa. W. P. M. Black wa Uingereza alilitambua hilo katika makala yake ya mwaka 1962, kwa hiyo njia yake ya kukisia CBR ya udongo wa mfinyanzi ilitaka, pamoja na kadiri ya kufinyangika, mahali maji ya udongo yaliposimama baina ya vikomo viwili. Kanuni ya Marekani haiulizi maji, imeyadhania tu.

Tena kuna suala la nasaba. Bwawa la Sasumua nchini Kenya, linaloupelekea maji mji wa Nairobi, lilijengwa kwa udongo mwekundu ambao vikomo vyake vilitisha. Na Karl Terzaghi, alipoueleza mwaka 1958, alionyesha kwamba tabia yake ilikuwa njema kuliko vikomo vilivyoashiria, kwa sababu chembe zake za mfinyanzi zilikuwa zimeshikamana zikawa vidonge vigumu. Udongo wa namna hiyo hubadilisha vikomo hata kwa kukaushwa katika tanuri kabla ya kupimwa. Kanuni iliyozaliwa kwa udongo mwingine huudharau pasipo haki. Kinyume chake ni udongo mweusi wa mbuga: kanuni huupa CBR ya 3 hivi, ikanyamaza juu ya kuvimba kwake masika na kupasuka kwake kiangazi, ambako ndiko kunakovunja lami.

Kwa hiyo ajuaye kukisia hutanguliza kuutenga udongo wa njia yake kwa nasaba, nyekundu mbali na nyeusi, ya mlimani mbali na ya bondeni. Huchukua sampuli chache katika kila nasaba na kuzipima kwa CBR kamili, katika ushindiliaji na unyevu utakaokuwako barabarani. Hurekebisha kanuni ifuate namba hizo. Na hapo ndipo vipimo vyepesi huruhusiwa kusema habari za mashimo yaliyosalia. Popote makisio yanapoangukia karibu na mpaka wa madaraja, gunia jingine huchukuliwa na siku nne za maji hungojewa, kwa kuwa gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na tabaka moja lililozidi au lililopungua kwa kilomita kadhaa.