Kamba Isiyo na Fundo

Siku ya soko Ogembo, huku Gusii nchini Kenya, ukishawapita wauza ndizi, utamkuta mzee mmoja, omogaka, amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja wa suruali ameukunja hadi pajani. Mwamkie "Bwakire", ataitika bila kuinua kichwa. Juu ya paja ana mafungu mawili ya katani. Huyasukuma mbele kwa kiganja, kila fungu likijisokota peke yake, kisha huyarudisha nyuma kwa pamoja, yakaumana kinyume. Mbele, nyuma. Anatema mate kidogo kiganjani. Mbele tena.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Kwao ni Meksiko, na mwaka 1893 Richard Hindorf aliuleta upande wa Pangani, Tanzania ya leo. Kati ya miche 1,000 iliyoanza safari, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Leo huku Gusii unasimama kwenye mipaka ya mashamba kana kwamba mababu ndio walioupanda.

Ninachostaajabia ni hesabu ya kazi hii. Uzi wa katani una kama mita moja. Kamba yake ina mita kumi, wala haina fundo hata moja. Kila uzi huanzia ndani ya kamba na kuishia humo humo, umeshikwa na wenzake njia nzima. Naye hangoji nyuzi ziishe pamoja. Fungu likianza kukonda huchomeka mmoja, mbele kidogo mwingine. Vidole vyake huhisi ule ukondefu kabla jicho langu halijauona.

Siku moja nilimwomba anisokotee kamba nyembamba kabisa, ya kufungia vitabu. Akachukua nyuzi nne, akasokota, akanipa, akaniashiria nivute. Haikukatika. Iliteleza ikaachana polepole, na kila uzi ukabaki mzima mikononi mwangu. Omogaka akacheka sana.

Mimi nikakumbuka plastiki. Molekuli zake, ziitwazo polima, nazo ni nyuzi ndefu zilizojikunja kama donge la sufi, na kila donge limepenywa na nyuzi za majirani. Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1991, alikuwa ameeleza tangu 1971 jinsi molekuli inavyojinasua kwenye msongamano huo: hutambaa kwa kufuata urefu wake, kama nyoka kwenye nyasi ndefu. Sasa ukondeshe utando wa plastiki iitwayo polistairini mpaka ubaki makumi machache ya nanomita, uwe mwembamba kuliko donge lenyewe. Donge hubonyea kama andazi lililokaliwa, ila, tofauti na andazi, halitanuki pembeni. Ujazo wake hupungua, majirani wanaopata pa kupenya huwa wachache, na uzi huishia kujizonga wenyewe. Mwaka 2005 Kari Dalnoki-Veress wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na wenzake walivuta tando za namna hiyo zikiwa hewani, hazikuegemea chochote. Pale zilipoanza kuachia, nyembamba zilivutika zaidi kuliko nene. Yaani ziliteleza.

(Zile juala zilizopigwa marufuku hapa Kenya Agosti 2017 hazikuwa zikichanika kwa sababu hii. Hata iliyokonda kupita zote ilikuwa na unene wa maelfu ya nanomita.)

Najua mfano wangu una nyufa. Katani hushikana kwa msuguano na kwa msokoto wa mkono. Molekuli hazina wa kuzisokota, hutikiswa na joto tu. Lakini nimesoma maelezo mengi ya jambo hili, yenye michoro na milinganyo, na hakuna lililonifikishia kiini chake vidoleni kama nyuzi zile nne.

Alipomaliza kunicheka, omogaka alizichukua, akazichomeka moja moja kwenye kamba ya ng'ombe aliyokuwa ameiweka kando. Nilikodoa macho nizifuate zilikoingia. Kufikia msukumo wa tatu wa kiganja nilikuwa nimezipoteza.