Sitiari ya Wimbi katika Baladi ya Kijapani: Mfano wa "TSUNAMI"

Baladi, kwa matumizi ya Wajapani, ni wimbo wa mapenzi wa mwendo wa pole. Si masimulizi ya kishairi kama tuyajuayo kutoka Ulaya. Kuwata Keisuke, mzaliwa wa Chigasaki, mji wa pwani katika mkoa wa Kanagawa, pamoja na kundi lake la Southern All Stars, ameujaza utanzu huu bahari na kiangazi. "Manatsu no Kajitsu" (1990) ni kielelezo kizuri, lakini "TSUNAMI" ndiyo inayomtatiza mhakiki.

Ilitolewa Januari 2000, majira ya baridi (ajabu kwa wimbo wa ufukweni), na mwaka huo huo ikatwaa Tuzo Kuu ya Rekodi ya Japani. Nafsineni hulemewa na upweke mfano wa wimbi kuu. Anwani imeandikwa kwa herufi kubwa za Kirumi, si kwa maandishi ya Kijapani, kana kwamba neno linatengwa na maafa yenyewe.

Tarehe 11 Machi 2011 utengano huo ulivunjika. Watu zaidi ya 18,000 walifariki au kutoweka, na vituo vya redio vikajizuia kuupiga wimbo huo. Wapo watakaodai kwamba matini haikubadilika hata silabi moja, hivyo maana yake ni ile ile. Dai hili halitoshi. Sitiari huishi kwa umbali baina ya kizungumzwa na kifananishi; umbali ukitoweka, msikilizaji wa Tohoku hasikii upweke wa mpenzi bali maji. Hata hivyo, kuunyamazisha daima kungewanyima wafiwa hao hao wimbo ambao nafsineni yake, tangu mwanzo, inaandamwa na kumbukumbu za mtu asiyekuwapo tena.