Sifa za Fundi wa Seva

Katika hospitali na vituo vingi vya afya nchini Kenya, rekodi za wagonjwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU huwekwa kwenye KenyaEMR. Mfumo huo umejengwa juu ya OpenMRS, programu yenye mizizi papa hapa Bonde la Ufa: ilianza mwaka 2004, wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani walipotafuta mfumo wa rekodi kwa ajili ya mpango wa AMPATH wa Eldoret. Imeandikwa kwa Java na huendeshwa ndani ya Tomcat, programu ya seva. Tomcat isipoiona Java haiwaki. Hapo karani wa kliniki, awe Kericho au Bomet, hurudi kwenye daftari, na mchuma chai aliyeomba ruhusa ya asubuhi moja hukaa foleni hadi mvua ya alasiri.

Ninamsifu fundi anayeitwa siku hiyo. Mwenye pupa hufuta kila kitu na kusakinisha upya, na anaweza kufuta pamoja nacho hifadhidata ya MySQL yenye historia ya dawa za watu. Fundi hodari hutunza kwanza nakala ya data, kisha husoma logi, kumbukumbu za matukio ya Tomcat.

Logi inasema Java haipo. Anaandika java -version, na mashine inamjibu: ipo, toleo la 11. Logi na mashine, zote mbili zinasema kweli. Yeye anajibiwa kupitia njia za akaunti yake, ilhali Tomcat huwashwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, kwa mtumiaji mwingine, mwenye mipangilio yake. Basi anaitazama mashine kwa macho ya huduma yenyewe. Kwa systemctl cat anaona JAVA_HOME inaelekeza kwenye folda ya Java 8. Anafungua /usr/lib/jvm, folda hiyo haimo. Iliondolewa mfumo endeshi wa mashine uliposasishwa.

Haridhiki kuielekeza Tomcat kwenye toleo lililopo, kwa kuwa matoleo mengi ya OpenMRS yalijengwa kwa Java 8. Anairudisha Java 8 kando ya ile mpya, anathibitisha njia, anawasha huduma. Ni mkono wa mchumaji stadi: majani mawili na kichipukizi, mti mzima unabaki salama.

Mwisho anaandika alichobadilisha na sababu yake. Enyi wasimamizi wa hospitali, msimharakishe fundi anayesoma. Saa moja ya kusoma logi huokoa rekodi za miaka.